Goli la sekunde 8: kaunta iliyoanzia kwenye shuti letu wenyewe

Robo ya tatu ya mechi ya lakrosi, ule mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, matokeo sare, timu ya bluu ina mpira kwenye nusu ya wapinzani na inaonekana imetulia kabisa. Sekunde 8 baadae mpira uko kwenye neti yao wenyewe. Hakuna aliyeteleza, hakuna faulo, refa hana lawama, ni kaunta safi ya wale weupe, na ukiwauliza waliokuwa benchi kosa la nani wote wanamnyooshea kidole beki wa juu, kwa sababu yeye ndo kamera ilimkuta amepitwa. Mwalimu wa bluu nae alikuwa na mawazo hayohayo. Aliponiita tuangalie video alitaka tupange mazoezi ya mabeki tu, wiki nzima mabeki, wengine wapumzike. Tukalirudia lile goli mpaka likatuchosha, na kadri tulivyozidi kurudisha video nyuma ndo mabeki walivyozidi kutoka hatiani.

Nieleze uwanja kwanza maana bila hapo mengine hayaeleweki. Hii ni lakrosi ya wanaume ya uwanja mkubwa, watu 10 kwa 10: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Uwanja ni yadi 110 kwa 60, ila magoli hayakai kwenye mstari wa mwisho kama kwenye soka, yameingizwa ndani yadi 15 kila upande, kwa hiyo kutoka goli hadi goli ni yadi 80 na nyuma ya goli kuna nafasi kabisa ya kuchezea. Kuotea huku ni kuhesabu vichwa, muda wote uwe na watu wasiopungua wanne kwenye nusu yako na watatu kwenye nusu ya wenzako. Sasa bluu wakishambulia, mabeki wao watatu na kipa wanabaki nyuma, na washambuliaji watatu wa weupe nao wanabaki hukohuko wakisubiri. Ni tatu kwa tatu. Mweupe mmoja tu akivuka mstari wa kati na mpira bila kiungo yeyote wa bluu kuwa mbele yake, tayari ni nne kwa tatu, na hiyo ndo fasti breki ya lakrosi. Haitaki ufundi mkubwa, inataka mtu mmoja wa ziada kwa sekunde tatu nne.

Kwa hiyo tulianza na swali moja tu: huyu mtu wa nne alitokea wapi?

Alitokea kwenye shuti. Mechi ilichezwa kwa saa ya shuti ya sekunde 80, yaani timu yenye mpira lazima ipige golini ndani ya muda huo, ile ambayo NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, waliiingiza kwenye lakrosi ya wanaume mwaka 2019, na wakati wa tukio saa ilikuwa bado na kama sekunde 30, yaani muda upo, hakuna anayekukimbiza. Kiungo wa bluu akamchenga mtu wake akitokea juu, yaani upande wa mstari wa kati, akateremka upande wa kulia kwa kasi, na kila hatua pembe inazidi kufa, akapiga huku anakimbia kutokea yadi 13 hivi. Kipa wa weupe akadaka wala hakusumbuka. Wengi wanaishia hapo, shuti baya, basi. Ila mimi nilimuomba mwalimu asimamishe video pale pale mpira unapotoka kwenye fimbo, halafu asahau mpira, aangalie wenzake wako wapi.

Washambuliaji wawili wa bluu wamesimama mbele ya goli wamebanana wanasubiri ribaundi. Wa tatu yuko kushoto pembeni kabisa, hana habari. Nyuma ya goli hakuna mtu hata mmoja, na hili peke yake ni janga, kwa sababu kwenye lakrosi shuti likipita nje mpira unapewa timu ambayo mchezaji wake yuko karibu zaidi na pale mpira ulipotokea. Ndo maana timu zinazojielewa zinaweka mtu nyuma ya goli kila shuti linapokuja, anakimbizana na mpira kuelekea mstari wa mwisho kama mtoto anakimbiza kishada, na shuti bovu linageuka kuwa umiliki mwingine. Bluu hawakuwa nae. Hata lile shuti lingepaa nje, weupe wangeondoka na mpira vilevile.

Viungo sasa, na hapa ndo penye kisa chenyewe. Aliyepiga shuti kashika kichwa. Wa pili alivutwa na mchezo akaingia mpaka ndani kuomba pasi, kwa hiyo yuko chini zaidi ya mpira. Wa tatu yuko juu, mahali sahihi kabisa kwa ulinzi wa kurudi, tatizo ni kwamba ameshageuka mgongo anatembea kuelekea boksi la sabu kwa sababu mwalimu alikuwa ameshamuita. Sabu za lakrosi zinafanyika mpira ukiendelea, unatoka wewe anaingia mwenzako, na watu wengi wanazichukulia kama mapumziko, unatembea taratibu unavua kizuia meno unaomba maji. Huyu jamaa alikuwa anatembea wakati shuti liko hewani.

Na aliyekuwa anamkaba huyo wa tatu ni nani? Kiungo wa weupe mwenye fimbo ndefu, mkata umeme wao. Fimbo fupi zina inchi 40 mpaka 42, ndefu zinaanzia 52 mpaka 72, na timu inaruhusiwa fimbo ndefu nne tu uwanjani bila kumhesabu kipa, kwa hiyo mtu anayepewa fimbo ndefu halafu akawekwa kwenye kiungo anakuwa mtu wa kazi maalum: kukata, kuiba, kukimbia. Aliona mgongo wa mtu wake, aliona mpira unaenda kwa kipa wake, akaondoka. Hakusubiri kuona kama kipa atadaka. Kipa akishadaka ndani ya duara linalozunguka goli lake ana sekunde 4 za kuutoa na humo ndani humgusi, ila huyu alitumia moja tu, akampa yule mwenye fimbo ndefu pasi ya mbali ya juu pembeni, upande ule ulio mbali na mabenchi.

Huo upande una maana yake. Uwanja una upana wa yadi 60, boksi la sabu liko kando ya mstari wa kati upande wa mabenchi. Sabu wa bluu alipoingia mbio, yule mweupe alikuwa anakatiza mstari wa kati upande wa pili kabisa, kati yao kuna upana karibu wote wa uwanja. Mtu mbichi, pumzi imejaa, mguu mwepesi, na hana msaada wowote. Weupe walilifanyia mazoezi hili, siamini kama ilikuwa bahati.

Bado kulikuwa na nafasi moja ya kuokoa. Yule kiungo wa pili wa bluu, aliyekuwa ndani anaomba pasi, alijitahidi sana kurudi, na benchi lilimpigia makofi kwa kujituma. Tatizo alikimbia kuufuata mpira. Mweupe anapita pembeni, yeye nyuma yake hatua chache, anarusha fimbo kutafuta kugonga fimbo ya mwenzake kwa nyuma, na kila akirusha anapoteza hatua moja. Ukichora mstari kutoka pale alipoanzia mpaka mbele ya goli lake, ni mfupi kuliko njia aliyopita. Angenyoosha katikati bila kumtazama mwenye mpira angefika mbele ya goli wakati pasi ya pili inapigwa, na pasi ya pili ndo iliyoua. Kujituma kulikuwepo, njia ndo ilikuwa mbovu.

Basi turudi kwa mabeki wenyewe, maana na wao hawakuwa malaika.

Bluu walipokuwa wanashambulia, mabeki watatu walisimama sambamba karibu na mstari wa kati, washambuliaji wa weupe wako nyuma ya migongo yao, wanakaba kwa macho na hata macho yenyewe yako kwenye mpira. Kipa wao kimya. Pasi ndefu ilipotoka wote watatu walianza kurudi kinyumenyume, na anayerudi kinyumenyume hawezi kumshinda anayekimbia mbele. Halafu beki wa juu akaamua kuwa shujaa, akamfuata mwenye mpira kama yadi 28 kutoka golini. Mapema mno. Mwenye mpira hakuhitaji hata kumchenga, akauinua tu kwa mshambuliaji wa juu upande wa kushoto, na nyuma ya huyo shujaa kukabaki gepu la kuegesha basi. Beki wa chini kushoto aling'ang'ania mtu wake, akasita, akaenda akiwa amechelewa, beki wa chini kulia hakusogea hata hatua, pasi ikapita mbele ya goli, kumalizia kwa kugusa. Kipa alisikika kwa mara ya kwanza baada ya goli, analalamika.

Ukiwa watatu dhidi ya wanne kazi yako ni kuchelewesha, na umbo linalofundishwa sehemu nyingi ni pembetatu: mmoja juu, wawili chini, kila mmoja wa chini akiwa karibu na mwamba wa upande wake huku anamuona mtu wake. Wote wanarudi kwanza ndani, pale mbele ya goli, halafu ndo wanatoka nje kukutana na mpira. Wa juu anamsimamisha mwenye mpira yadi kama 15 kutoka golini, na kumsimamisha maana yake ni kumlazimisha apasie, mwili mbele, fimbo juu kwenye njia ya pasi, hakuna kurusha fimbo ovyo. Pasi ikitoka, mabeki wanazunguka kinyume na mpira. Tuseme mwenye mpira yuko juu kulia akampa wa juu kushoto: beki wa chini kushoto anapanda kwa huyo aliyepokea, wa chini kulia anavuka kwenda chini kushoto, na yule wa juu aliyemsimamisha wa kwanza anashuka haraka katikati kwenda kuziba chini kulia. Wakati mpira uko hewani ndo muda wa kuhama, ukisubiri udakwe umeshachelewa. Ukizunguka vizuri mara mbili, viungo wameshafika, nne kwa tatu imekuwa nne kwa tano, kaunta imekufa bila mtu kuiba mpira.

Mwalimu alikubali yote ila akawa anauliza tuanze na lipi, kwa sababu muda wa mazoezi ni huohuo. Yeye bado alitaka pembetatu. Mimi msimamo wangu ulikuwa, na bado uko hapo, kwamba pembetatu ni zimamoto, unaihitaji ila ukiwa unaitumia kila dakika tano jiulize nani anawasha moto. Tukakubaliana kugawa, nusu ya muda mbele nusu nyuma.

Mbele tuliweka sheria chache sana. Kila mpira unapokuwa kwa bluu kuna kiungo mmoja aliye juu ya mpira na haruhusiwi kushuka, na akitaka kuchenga yeye, lazima mwenzake apande kwanza kuchukua nafasi yake, wanaitana kwa sauti. Kila shuti, mshambuliaji mmoja nyuma ya goli. Sabu zinafanyika mpira ukiwa salama mikononi mwetu na haujaelekea golini, na anayetoka anatoka mbio, na kama mpira umeshapotea hakuna sabu mpaka wewe mwenyewe umefika kwanza mbele ya goli letu ukakaba. Hii ya mwisho ilileta kelele kuliko zote, wale viungo wa kushambulia hawapendi kukaba, wanajiona mafundi, mmoja alinuna kabisa.

Kuna ujanja mmoja ambao vijana waliupenda. Sheria inataka watu watatu wabaki mbele, haisemi lazima wawe washambuliaji. Kwa hiyo kiungo aliyekwama chini kabisa karibu na goli la wapinzani hana haja ya kukimbia yadi 70 nyuma ya mtu, anainua fimbo, anapiga kelele kwamba anabaki, na mshambuliaji aliye karibu na mstari wa kati anavuka badala yake. Kwenye lile goli mshambuliaji wa kushoto alikuwa karibu na mstari kuliko wale viungo wawili waliokuwa chini. Alisimama pale kama mlingoti kwa sababu kichwani kwake mshambuliaji havuki.

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi. Sita kwa sita upande mmoja, bluu wanashambulia kawaida, mimi nikipuliza filimbi aliye na mpira anapiga papo hapo popote alipo, hata pembe ikiwa mbovu, na kipa ana mpira wa pili mkononi anautoa hapohapo. Kutokea hapo ni mchezo mpaka goli la upande wa pili ambako tatu kwa tatu inasubiri. Mara za kwanza ilikuwa vichekesho, filimbi inalia watu wote wako chini ya mpira. Baadae wakaanza kuangalia nyuma kabla filimbi haijalia, na hapo nikajua limeingia, maana macho ya kiungo ndo yanakwambia kama anaujua mchezo huu au anaujua mpira tu.

Nyuma tulifanya pembetatu kwa kutembea kwanza, kweli kabisa kutembea, kipa akiwa ndo msemaji. Kipa anaona uwanja wote, yeye ndo anatakiwa kusema kaunta inakuja, wangapi kwa wangapi, nani achukue mpira. Kipa wetu alikuwa mpole. Tukamwambia hatuhesabu mipira aliyodaka siku hiyo, tunahesabu mara alizoongea mapema. Alipoanza kusema maneno matatu tu kwa wakati, beki wa juu akaacha ushujaa wenyewe, kwa sababu alikuwa anatoka mapema kwa hofu ya kutojua nyuma yake kuna nani.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini asimshike tu yule mkimbiaji pale katikati, apewe adhabu, kaunta ife, kama wanavyofanya kwenye soka. Swali zuri. Kwanza kushika namna hiyo mwenzako akiwa na mpira ni sekunde 30 nje, timu inabaki pungufu. Pili, na hili wengi hawalifikirii, refa anatupa kitambaa chini halafu anaacha mchezo uendelee mpaka shambulizi liishe, kwa hiyo umeshika, umeonwa, na fasti breki bado inakuja. Ukimshika mpaka akasimama kabisa labda. Mimi sifundishi hilo.

Mechi zilizofuata kaunta zilipungua, na zile zilizokuja nyingi zilikutana na watu wamesharudi. Ila kuna bei ililipwa na sitaki kuificha. Yule kiungo aliyenuna alikuwa mchengaji wao bora kutokea juu, na sasa kila anapopata mpira anageuka kutafuta nani yuko nyuma yake, sekunde moja hiyo beki ameshajipanga. Mashambulizi ya bluu yakawa mazito, wanazungusha mpira mpaka saa ya shuti inakaribia sifuri halafu wanapiga shuti la kulazimisha, na shuti la kulazimisha ndo mama wa kaunta, tumerudi palepale. Mwalimu alitaka kufuta sheria ya mtu wa juu. Tulibishana. Tukaishia kumruhusu huyo kijana achenge muda wowote bila kugeuka, jukumu la kupanda likawa la yule kiungo wa upande wa pili peke yake, yaani kazi ya kufikiri ikahamia kwa asiye na mpira. Ilisaidia, japo kwa sauti zao bado unasikia wanasahau.

Wenye kucheza ile lakrosi fupi ya sita kwa sita, itakayokuwepo Olimpiki ya Los Angeles 2028, watasema mbona kwao hili ni maisha ya kila siku. Ni kweli, kule uwanja ni mita 70 kwa 36, saa ya shuti sekunde 30, fimbo ndefu za mabeki hazipo, wote wanashambulia wote wanarudi. Mchezaji aliyetokea huko anajua kugeuka. Kiungo wa bluu mwenye tabia nzuri kuliko wote ya kurudi alikuwa amecheza sita kwa sita, na sikushangaa.

Kilichobaki ambacho haya yote hayagusi ni ule mpira wa katikati baada ya goli. Pale hakuna shuti la kupanga, hakuna mtu wa juu wa kuteua, wawili wameinama wanagombea, mawinga wawili kila timu wanaachiliwa kwa filimbi, mabeki na washambuliaji wamefungiwa nyuma ya mistari yao mpaka mmoja aupate mpira. Mgombeaji wa weupe akiuchota ukatoka mbele yake, ni nne kwa tatu kabla hujahesabu, na hapo pembetatu na mdomo wa kipa ndo kila kitu. Mwalimu ameanza kumweka mwenye fimbo ndefu kwenye winga badala ya kiungo wa kawaida. Mpira unaookotwa chini umepungua kidogo kwa bluu kwa sababu fimbo ndefu ni nzito kugeuza kwenye vurugu ile, ila akikosa anakuwa ameshakaa upande wa goli lake.